Msiwazimie watoto skrini nyeusi

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako niseme neno juu ya watoto wetu na kompyuta. Mimi ni mpiga taipu mstaafu. Niliingia kazini mwaka 1973 katika ofisi moja hapa Wete, nikastaafu mwaka 2010, na miaka yote hiyo riziki yangu ilipita kwenye ncha za vidole hivi. Ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu.

Muhula uliopita mjukuu wangu, aliye kidato cha kwanza, alitolewa kwenye chumba cha kompyuta cha skuli yao mbele ya wenzake, akaambiwa asitie mguu humo mpaka muhula uishe. Kosa lake ni garimoshi. Garimoshi lenyewe halina chuma. Limechorwa kwa mistari, mabano, nukta na herufi. Linaingia upande wa kulia wa skrini nyeusi, ile ya kuipa kompyuta amri kwa maandishi, linapita taratibu likifuka moshi wa mabano na herufi O, magurudumu yakizunguka, mpaka linatokomea kushoto. Mtoto alikuwa nalo kwenye flashi yake, akaliendesha kutoka humo wenzake waone. Ni mtoto wa Pemba huyu, garimoshi la kweli hajaliona maishani mwake.

Programu hiyo inaitwa sl, na aliyeiandika ni Mjapani, Toyoda Masashi, mwaka 1993. Kuna amri ya kompyuta iitwayo ls, ambayo humwonyesha mtu mafaili yaliyomo ndani ya folda. Kidole kikikimbia ukaandika sl badala ya ls, garimoshi linapita, na wewe unakaa ukilisubiri, kwani vile vitufe vya Ctrl na C ambavyo husimamisha programu nyingine, hili kwa kawaida havilisimamishi. Ni adabu ya mkono. Aliyenifundisha taipu alikuwa akitugonga rula ya vidole kwa kosa hilohilo la kutanguliza herufi. Mjapani huyu alitumia garimoshi.

Mwalimu alibonyeza, halikusimama. Akabonyeza tena, halikusimama. Akaamini ni virusi, akachomoa waya ukutani. Nilikwenda kumwona siku ya pili. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa, nami simtaji jina wala siitaji skuli, maana sikuja kumshitaki mtu. Alinambia hivi: "Bibi, ile skrini nyeusi si ya watoto. Watoto wajifunze kuandika barua na kupanga majedwali. Hayo mengine ni mchezo." Nilimshukuru nikarudi nyumbani, lakini neno lile lilinikaa kifuani, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Lilinikaa kwa sababu niliwahi kuambiwa mfano wake.

Taipureta yangu ilikuwa Olympia, nzito kama jiwe la kusagia. Herufi zake zote zilikuwa na upana mmoja: i ilichukua nafasi sawa na m, na inchi moja ilijaa herufi kumi. Ndiyo maana mtu aliweza kuhesabu. Ukitaka kichwa cha barua kikae katikati, unapeleka gari la mashine, lile linalobeba karatasi, katikati ya karatasi, halafu unarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili. Ukianza kupiga, maneno yanakaa sawasawa kushoto na kulia. Sisi tulikuwa tukihesabu herufi hata tukiwa jikoni. Na mtu anayehesabu herufi hachukui muda kugundua kwamba anaweza kuzipanga zikawa kitu. Nyota na nukta mbili zikawa ukingo wa maua. Herufi o iliyopigwa x juu yake ikawa kifungo. Herufi v, safu chini ya safu, zikawa makuti. Mwaka 1978 nilipiga jahazi zima kwenye stensili moja, tanga lake kwa mikwaju, ile mistari ya mshazari, maji yake kwa herufi u zilizoshikana mikono. Likachapwa nakala hamsini kwa mashine ya saiklostaili, likawa jalada la ratiba ya shughuli moja ya ofisi. Siku ya pili mkubwa wangu wa kazi akaniita akanambia karatasi ya serikali si ya mchezo. Sikuchora tena ofisini mpaka nastaafu. Miaka thelathini na mbili.

Wala sikuwa nimezua jambo geni. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, kule Konde. Ua la mkeka halichorwi, linahesabiwa. Alikuwa akikaa na miyaa yake ya rangi na miyaa myeupe, midomo ikitikisika bila sauti, mbili juu, moja chini, mbili juu, moja chini, na ukili unapofika urefu wa mkono ua limeshatokeza. Nikimuuliza amelionaje kabla halijawa, alikuwa akinambia nihesabu nami nitaliona. Nilipokaa mbele ya Olympia miaka mingi baadaye, nilikuwa nasuka.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Unguja, ndiye aliyenambia kwamba mwaka 1898 mwanamke wa Uingereza, karani kama mimi, jina lake Flora Stacey, alichora kipepeo kwa taipureta, na picha yake inatazamwa mpaka leo. Nilimwomba aniletee niione. Kipepeo yule ana mabawa ya mabano, vistari na nukta, yamekaa sawa pande zote mbili. Niliitazama kwa muda mrefu. Laiti ningeijua mwaka 1978.

Huyohuyo mtoto wa dada yangu ndiye aliyetuletea kompyuta ya mapajani, miaka miwili iliyopita. Ilikuwa kuukuu, imetupwa na mwenyewe kwa sababu Windows ilikuwa haifunguki tena. Yeye akatia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambayo haina gharama na haichagui mashine. Akafungua ile skrini nyeusi, mahali pasipo na picha wala vitufe vya kubonyeza kwa mshale, ila pana kijimstari kinachopepesa kikingoja uandike. Akaandika neno figlet, na mbele yake KARIBU BIBI. Akabonyeza. Yakatoka maneno hayohayo, makubwa, kila herufi kubwa imejengwa kwa herufi ndogo na vistari, kama ubao wa duka.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii nimeifanya mimi kwa mkono."

Programu hiyo ya figlet iliandikwa na Glenn Chappell na Ian Chai, kuanzia mwaka 1991. Jina lake limetokana na majina ya watu watatu, Frank, Ian na Glenn, na hizo herufi zao. Ina miandiko mingi, na kila mwandiko ni faili la maandishi matupu: ukilifungua unaona jinsi A ilivyojengwa, jinsi B ilivyojengwa, na ukiwa na subira unaweza kujenga wako. Lakini lililonivutia zaidi ni kuona kwamba mashine hii inafuata sheria za Olympia yangu. Herufi zote zina upana mmoja. Mstari una nafasi 80. Skrini maarufu ya zamani, VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na nafasi 80 kwa mistari 24, na programu nyingi bado zinaheshimu kipimo hicho. Karatasi yangu ya A4 ilichukua nafasi 82 ukingo kwa ukingo. Nilikuwa nyumbani.

Halafu nikaambiwa jambo ambalo sikulitarajia. Herufi za kompyuta zina namba, na mpango wa namba hizo, unaoitwa ASCII, ulitolewa Marekani mwaka 1963. Herufi ndogo zikaingia kwenye toleo la 1967. Namba zake ni 128. Kati ya hizo, 95 ni za alama unazoziona pamoja na nafasi tupu, na 33 hazionekani, ni za kuiamrisha mashine. Nilimwambia anisomee hizo zisizoonekana. Akasoma: namba 7, kengele. Namba 8, rudi nyuma hatua moja. Namba 9, ruka mpaka kwenye kituo. Namba 10, zungusha rola mstari mmoja. Namba 13, rudisha gari mwanzo wa mstari.

Mheshimiwa Mhariri, hiyo ni taipureta. Hivyo ndivyo vitendo nilivyokuwa nikivifanya kutwa kucha, na kengele ile ni ileile iliyokuwa ikilia herufi chache kabla ya ukingo wa kulia. Mpango ule ulitengenezwa wakati mashine za kupelekeana maandishi, jamaa za teleksi tuliyokuwa tukiiona posta, zilikuwa na gari na rola za kweli. Mashine zile zimekwisha lakini vitendo vyake vimebaki ndani ya kila kompyuta na kila simu. Mimi niliyeambiwa kwamba kompyuta zimekuja kunistaafisha, nilikuwa najua lugha yake tangu 1973.

Na garimoshi nalo linatembea kwa namba hizohizo. Namba 27 haina umbo. Ikifuatiwa na mabano ya mraba na tarakimu, huiambia skrini ipeleke kile kijimstari mstari fulani, nafasi fulani, au ifute kila kitu. Basi mwandishi wa programu anachora garimoshi, anasubiri kitambo kidogo, anarudisha kijimstari, anachora tena nafasi moja kushoto zaidi na gurudumu limegeuka kidogo. Jicho linaona mwendo. Olympia haikuweza hilo, karatasi ikishapigwa imepigwa. Lakini Olympia iliweza kupiga herufi juu ya herufi, na hii haiwezi, ukiandika pahala penye herufi, ile ya kwanza inafutika. Kwa hiyo kifungo changu cha o na x hakipatikani humu. Nimekikosa.

Sasa nije kwenye ng'ombe, maana hapo ndipo mjukuu wangu alipojifunza zaidi ya alivyojifunza kwa mwaka mzima wa majedwali.

Kuna programu iitwayo cowsay, ya Tony Monroe, ya mwaka 1999. Unaiandikia maneno, na ng'ombe aliyechorwa kwa alama anatokea akiyasema, maneno yake yamezungushiwa mstari juu ya kichwa. Mtoto alipoambiwa hivyo, kitu cha kwanza alichoandika ni cowsay ng'ombe. Akabonyeza. Hakuna ng'ombe. Kikatokea kialama cha > mwanzo wa mstari, kimekaa tu. Akabonyeza tena, kikatokea kingine. Akadhani kaharibu mashine, akaniita kwa sauti ya kulia.

Niliangalia mstari ule kama nilivyokuwa nikiangalia barua kabla ya kuipeleka kwa mkubwa, herufi moja moja. Nikamwambia tatizo ni ritifaa. Kwetu ritifaa ile katika ng' ni sehemu ya herufi, lakini mashine inaiona ni alama ya kunukuu iliyofunguliwa, nayo inangoja ifungwe. Ingengoja mpaka kiama. Akaandika ritifaa ya pili, mashine ikaachia. Kisha tukaweka neno zima ndani ya alama mbili za kunukuu, "ng'ombe", na ng'ombe akaja. Ritifaa hiyo imemfundisha mtoto jinsi kompyuta inavyosoma amri, na imemfundisha herufi ya lugha yake. Mwalimu wake wa Kiswahili anaweza kushuhudia kwamba sasa haiachi tena.

Na niseme hapa jambo ambalo Waswahili hatulitaji. Maandishi yetu ya leo yamo yote katika zile alama 95. Mfaransa anahitaji herufi zenye vikofia na vistari juu, naye hakuzikuta. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zinazoshikana na kubadilika umbo kulingana na jirani yake. Hizo nazo hazikuwamo, na skrini nyingi za namna hii bado zinazisumbua. Lakini andika kwa figlet neno lolote la Kiswahili cha magazeti, methali yoyote, jina la kanga yoyote, hakuna kitakachopungua.

Tuendelee na ng'ombe. Mjukuu wangu alimtazama akasema, "Bibi, huyu si wetu, hana nundu." Kweli hana. Mgongo wake ni mistari ya chini saba iliyonyooka. Na pale tumboni, mbele ya miguu ya nyuma, pana herufi w: hicho ni kiwele. Sisi Pemba ng'ombe tunaowajua kwa majina ni madume ya mchezo, wanaochezwa uwanjani kwa kamba na nguo huku wanawake wakiimba, na wengine husema mchezo huo tumeurithi kwa Wareno. Dume la mchezo na kiwele wapi na wapi! Basi ng'ombe wa cowsay amewekwa kwenye faili dogo, na ukilinakili unaweza kumbadilisha. Mtoto akaifuta ile w, akatia kistari pahala pake. Akainua nundu kwa mkwaju, alama ya kofia (^), na mkwaju ulioegemea kushoto. Akaendesha: nundu imeliwa upande mmoja. Siku nzima akatafuta sababu. Mtoto wa dada yangu alipopiga simu usiku akamweleza kwamba lugha iliyotumika kuandikia cowsay, inayoitwa Perl, ule mkwaju ulioegemea kushoto inaupa kazi maalumu, kwa hiyo ndani ya faili lazima uandikwe mara mbili ili utokee mara moja. Akaandika mara mbili. Dume likasimama na nundu yake. Nilimsikia akishangilia peke yake chumbani saa nne usiku, nikamwacha.

Ningependa kuwachorea hapa wasomaji wamwone, lakini gazeti lina herufi za upana mbalimbali, i nyembamba na m nene, na ng'ombe huyu angevunjika mgongo kabla hajafika kwa msomaji. Picha hizi huishi pale tu ambapo kila herufi ina nafasi sawa na mwenziwe.

Baadaye tukataka dume letu liseme methali. Programu ya fortune, ya tangu enzi za Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, huchukua faili lenye maneno mengi na kutoa moja bila mpango. Faili lenyewe ni rahisi: methali, chini yake mstari wenye alama ya asilimia pekee, kisha methali nyingine. Tumeshaandika zaidi ya mia moja, mimi nikizitaja na yeye akipiga, na vidole vyake sasa vinajua pa kukaa. Unaiunganisha fortune na cowsay kwa mstari mmoja wa wima kati yao, na anachotoa wa kwanza anakipokea wa pili. Ukiwasha mashine asubuhi, dume linasimama linasema "Ng'ombe wa maskini hazai" au jingine.

Faili hilo nalo lilitupa kazi. Sehemu yake tuliipiga kwa jirani kwenye kompyuta ya Windows. Tulipoileta nyumbani, dume likatoa methali zote kwa mara moja, skrini ikafurika. Alama za asilimia zipo, tunaziona, lakini mashine haizioni. Mtoto wa dada yangu alituuliza kwa simu tumepiga wapi, na alipoanza kueleza nilimkatiza, maana nilishaelewa. Olympia yangu ilikuwa na mkono mmoja ambao ukiuvuta unafanya mawili, unazungusha rola na unarudisha gari. Windows mwisho wa kila mstari huandika yote mawili, namba 13 na namba 10. Linux huandika 10 tu. Kwa hiyo baada ya kila alama ya asilimia palikuwa na "rudisha gari" isiyoonekana, na fortune ikakataa kuutambua mstari. Tukaziondoa kwa amri ndogo iitwayo tr. Nina miaka zaidi ya sabini, na siku ile nilimtatulia mwanafunzi wa chuo kikuu tatizo lake kwa kukumbuka mkono wa taipureta.

Zipo nyingine. Ipo ya kumwaga herufi za kijani kama mvua, ipo ya kupaka maandishi rangi za upinde, watoto wanazipenda na mimi sizioni kuwa na mengi. Lakini asciiquarium ya Kirk Baucom inastahili kutajwa kwa watu wa visiwani. Inaifanya skrini nzima kuwa bahari: mawimbi juu, majani ya bahari yanayumba chini, samaki wakubwa kwa wadogo wanapita, nyangumi anarusha maji, meli inakatiza, na papa akija na mdomo wake ukimgusa samaki mdogo, samaki huyo hatumwoni tena. Jirani yetu mvuvi alikuja kuomba chaji ya simu akakaa mbele yake mpaka adhana ya magharibi. Alianza kuwataja: huyu changu, huyu tasi, yule kolekole. Kisha akasema bahari hii haina miamba wala dema, na hakuna ngalawa, sasa watu wake wanakula nini? Mjukuu wangu aliyaandika hayo kwenye daftari.

Nimeyaeleza kwa urefu ili ieleweke ninachoomba. Katika chumba kile cha skuli niliona mashine kumi na moja zimerundikwa pembeni, zimefunikwa turubai, nikaambiwa ni mbovu na zinangoja kuondolewa. Niliuliza ubovu wake. Nikaambiwa ni nzito, hazifungui programu za siku hizi, na intaneti haiwezekani kwao. Programu nilizozitaja hazihitaji intaneti zikishawekwa. Ile ya garimoshi haifikii uzito wa picha moja ya simu. Mashine ambayo haiwezi kufungua ukurasa wa mtandao inaweza kuonyesha bahari nzima ya Baucom, kwa sababu inachoandika ni herufi, na herufi hata kompyuta ya miaka ishirini inaziweza. Naomba mashine hizo, na nyingine zilizomo katika skuli za Pemba na Unguja chini ya maturubai kama hayo, zisiuzwe kwa kilo kabla hajaitwa kijana mmoja wa chuo akazijaribu kwa Linux.

Na naomba walimu wetu waiache ile skrini nyeusi wazi, japo saa moja kwa wiki. Najua hofu yao. Mwalimu kakabidhiwa mashine kwa saini yake, na kikiharibika kitu anaulizwa yeye. Pia hakuna aliyemfundisha. Yeye mwenyewe alifundishwa barua na majedwali. Lakini mtoto anayeandika barua kwenye kompyuta anajifunza kubonyeza pale alipoelekezwa. Mtoto anayetafuta nundu iliyoliwa anajifunza kwamba mashine imefuata alichokiandika neno kwa neno, na kwamba kosa linatafutika. Wangu alikaa siku nzima na mkwaju mmoja bila kulazimishwa na mtu. Mwalimu gani hataki mwanafunzi wa namna hiyo? Huyo ndiye aliyetolewa nje.

Mwalimu yule nimemwandikia barua pia, kwa taipu, nikamweleza garimoshi ni nini na linasimamaje: linasimama likishapita. Bado hajanijibu, na muhula mpya umeanza.

Kila alasiri baada ya sala, watoto wanne wa mtaani wanakaa kibarazani kwangu na kompyuta ile moja, kwa zamu. Wiki hii wanachora ngalawa. Mtumbwi umekaa, mlingoti umekaa, tengo la kushoto, ule ubao wa kuizuia isipinduke, limekaa vizuri, lakini la kulia linakataa, kwa sababu ukiitazama ngalawa kwa ubavu tengo la upande wa pili linajificha nyuma ya mtumbwi, na wao wanataka yote mawili yaonekane. Mmoja anasema tuichore kwa mbele. Nimewaambia wahesabu kwanza.

Mpiga taipu mstaafu,
Wete, Pemba.